Denis wa Busi

Kwa maelezo ya baba yake, Denis alikuwa mwalimu huko Busi, wilaya ya Kondoa, na kazi ilikuwa nyingi mno hata likizo hapati. Kwa macho ya kila mtu mwenye macho, Denis alikuwa akishinda nyuma ya gereji pale Chang'ombe ya Dodoma, amekonda, amevaa shati la mikono mirefu hata jua la saa nane. Mtaa ulikuwa umeamua kuheshimu habari zote mbili. Mtu aliweza kukutana na Denis asubuhi akaombwa naye mia tano, na jioni hiyo hiyo akamkuta Mzee Nathan nje ya kanisa na kumuuliza bila kupepesa macho, "Na Denis huko Busi hajambo?" Mzee Nathan alijibu kwamba hajambo, anawasalimu. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka miwili na hakuna aliyecheka, angalau si mbele yake.

Nathan alikuwa dereva mstaafu wa serikali, na sasa mzee wa kanisa, cheo alichokivaa hata akiwa na kaptura. Mkewe, Paulina, alishona sare za kwaya na kuuza mlenda mkavu kwa watumishi waliohamia Dodoma pamoja na ofisi zao, watu waliokuwa bado wanajifunza kuupenda. Denis alilala chumba cha uani. Baba yake hakuwa akisema naye. Akiwa na neno, alilipitisha kwa mkewe, hata kama Denis amesimama hatua mbili kutoka alipo.

"Mwambie huyo kijana wako afunge koki," alikuwa akisema.

Paulina hakuwa na haja ya kumwambia. Denis alikwisha kwenda kufunga koki.

Mkasa wenyewe ulianzia kwenye mlenda. Mwezi wa pili, Paulina aliingiza mkono ndani ya kiroba ili ampimie mteja, na kitu kikamchoma kidole cha shahada hadi kwenye mfupa. Alijua ni sindano ya kujidunga kabla hajaitoa. Denis alikuwa amechagua maficho kwa akili zake zote, kwa sababu hakuna askari duniani anayepekua mlenda, lakini alisahau kwamba mama yake anauuza. Paulina alifunga kiroba, akamwambia mteja kwamba mlenda wa leo una mchanga, akaenda chooni kukitazama kidole chake na kulia kidogo. Kisha alikichoma kiroba kizima moto. Nathan alilalamika wiki nzima kwamba mlenda umekwisha mapema mwaka huu.

Paulina alipima virusi vya Ukimwi zahanati, mara mbili, akakutwa salama mara zote mbili. Alikuwa ameanza kusahau, mpaka redio ilipomweleza kuhusu kirusi cha homa ya ini aina ya C, kinachopenda sindano za kushirikiana, na kinachoweza kukaa ndani ya mtu miaka ishirini bila kubisha hodi. Zahanati hawakuwa na kipimo hicho. Maabara ya mtu binafsi kule mjini walikuwa nacho, wakamtajia bei, akaomba waitaje tena, akawashukuru na kurudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo alikuwa akilala huku ameshika ubavu wa kulia, akisikiliza.

*

Mwezi wa saba, wakati upepo wa baridi unapopiga Dodoma na vumbi linaingia hadi kwenye sufuria, Paulina alikuwa akifua suruali ya Denis akakuta kadi ngumu mfukoni. Ilikuwa kuponi. Ilisema kwamba kuna utafiti wa afya kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya, kwenye nyumba yenye geti la bluu, Chadulu. Mshiriki atapimwa Ukimwi na homa ya ini B na C bila malipo, na jina lake halitaandikwa. Chini kulikuwa na namba na tarehe ya mwisho, ambayo ilikuwa kesho saa kumi jioni.

Alimfuata Denis jikoni na kuiweka kuponi juu ya kinu.

Denis alisema alipewa na rafiki yake Geofrey. Ndivyo utafiti ulivyokwenda: kila aliyepimwa anapewa kuponi tatu awape wenzake, nao wakishapimwa wanapewa tatu, mpaka mateja wote wa mji waishe. Alipewa wiki tatu zilizopita.

"Kwa nini hukwenda?"

"Nikienda watanipima," alisema Denis.

Paulina alimtazama mwanawe huyu, aliyekuwa wa pili darasani mpaka kidato cha nne, akaona hakuna faida ya kubishana na jibu kama hilo. Akasema basi atakwenda yeye. Denis alidhani anatania. Alipoona hatanii aliangua kicheko, cha kwanza humo ndani kwa muda mrefu, kisha kikamkauka mdomoni, kwa sababu ilimbidi aulize mama yake anataka kipimo cha nini, na mama yake akamwonyesha kidole.

Denis alikaa chini kwenye kigoda na kuinamisha kichwa, na Paulina akamwacha, maana alikuwa na hasira naye ya miezi mitano na hakutaka kuimaliza kwa haraka.

Kisha wakaanza masomo. Denis alieleza kwamba mlangoni watamuuliza maswali ya kumtega, kwa sababu watu wazima na akili zao walikuwa wakijifanya mateja ili wapate nauli inayotolewa pale. Alimfundisha kete ni nini, kile kifuko kidogo cha dawa, na inauzwaje. Alimfundisha arosto, yaani yale maumivu ya kukosa, na hapo alieleza vizuri mno, mifupa, tumbo, jasho la baridi, hata Paulina akaacha kuchambua mchele. Miaka yote hii alikuwa akimsikia kupitia ukutani na kudhani ni ukaidi. Alitamani kumshika kichwa, lakini somo lilikuwa linaendelea.

"Watakuuliza unatumia mara ngapi. Sema mara tatu kwa siku. Watakuuliza unashirikiana sindano na nani. Sema na mtu mmoja."

"Nani?"

"Sema rafiki tu."

"Wewe unashirikiana na nani, Denis?"

Denis aliangalia jiko. "Na Geofrey," alisema. "Ile ya kwenye mlenda ilikuwa yetu wote."

Paulina alimfahamu Geofrey. Alikuwa amemwona wiki iliyopita sokoni, macho yamegeuka njano, na alipomuuliza alisema ni njaa. Usiku ule Paulina alichemsha sindano ya cherehani kwa dakika kumi, akaketi kitandani wakati Nathan yuko kwenye kikao cha kanisa, akajitoboa mkono wa kushoto kwenye kiwiko, tundu baada ya tundu, akiuma kanga.

*

Nyumba ya geti la bluu ilikuwa na foleni ya vijana kama kumi na wawili wamekaa kwenye benchi na ukutani. Paulina alikuwa amevaa kanga iliyochakaa kuliko zote alizonazo, akavuruga na nywele. Haikusaidia. Alipoingia tu foleni nzima ilisimama.

"Shikamoo mama," walisema, karibu kwa pamoja, na mmoja akaficha sigara mgongoni.

"Marahaba," alijibu Paulina kwa mazoea, na papo hapo akajua amekwisha haribu. Kijana mmoja alimpisha benchi. Mwingine alimnong'oneza kwa huruma kwamba kama anamtafuta mwanawe, leo hajafika, na kwamba mama mwingine alikuja jana akamkuta wake. Paulina aliketi, mkoba mapajani, akamshukuru.

Aliyekaa mezani mlangoni aliitwa Abubakari, mtu wa Chemba, aliyejidunga miaka tisa na sasa mwaka wa tatu yuko kwenye dawa ya methadoni, inayowasaidia wanaoacha kujidunga. Walimwajiri kwa sababu hiyo hiyo. Daktari anaweza kudanganywa, lakini Abubakari alikuwa amewahi kutumia kila uongo uliopo na alikuwa anaufahamu kwa sauti. Aliichukua kuponi, akaitazama namba, akamtazama Paulina, akavuta dodoso lake bila kubadili uso. Kazi ni kazi.

Alimuuliza kete moja inauzwaje siku hizi. Paulina alitaja bei sawasawa, kisha hakuweza kujizuia akaongeza kwamba kwa kweli ni wizi. Abubakari aliandika. Alimuuliza arosto ikoje. Paulina alieleza mifupa, tumbo, jasho la baridi, akaeleza na mtu anavyougulia ukutani akijaribu kutoamsha watu, na hapo Abubakari aliacha kuandika.

"Unajidunga mara ngapi, mama?"

"Mara tatu kwa siku," alisema Paulina. "Baada ya kula."

Benchi zima lilikohoa. Kijana mmoja alitoka nje kabisa kwenda kucheka barabarani. Abubakari, kwa heshima iliyomgharimu sana, aliomba kuona mkono. Paulina alipandisha kanga. Alama zilikuwa kumi na nne, zenye nafasi sawa, zimenyooka kutoka juu kwenda chini.

"Mama," alisema Abubakari kwa upole, "huu ni upindo wa sare ya kwaya."

*

Nesi wa utafiti aliitwa Violeth. Alimwingiza Paulina chumba cha ndani, akafunga mlango na kumpa maji ya kunywa, na Paulina akaeleza yote, kuanzia kiroba cha mlenda. Violeth hakucheka. Alisafisha yale matundu kumi na nne kwa spiriti, moja moja.

Tatizo, alisema, ni kwamba kila kipimo kilikuwa na namba ya mshiriki. Hawezi kumwingiza asiyejidunga kwa sababu hesabu yote ya utafiti itakuwa ya uongo: walitaka kujua kati ya wanaojidunga Dodoma ni wangapi wana virusi, na mama wa kanisa mmoja akiingia humo anapotosha mji mzima. Kulikuwa na njia moja tu. Mshiriki akikutwa na virusi vya ini, watu wa nyumbani kwake, waliochomwa na sindano yake au wanaotumia naye wembe, wanapimwa bure kwa vipimo vya akiba.

Paulina alirudia maneno hayo polepole, ili aone kama ameelewa.

"Kwa hiyo mimi kupimwa, mwanangu lazima awe mgonjwa."

"Aje apimwe kwanza," alisema Violeth. "Kuponi hii bado ni nzima. Tunafunga saa kumi."

Paulina alisimama nje ya geti la bluu, upepo ukimpiga vumbi la Chadulu, akajaribu kusali. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza maombi katika umoja wa akina mama, aliweza kuombea mvua na mitihani na ndoa ya askofu bila kuvuta pumzi, lakini leo hakupata pa kuanzia. Aombe Denis akutwe na kirusi? Au aombe asikutwe nacho, na yeye arudi nyumbani kuendelea kusikiliza ubavu wake, huku Geofrey akizidi kuwa wa njano? Alimwambia Mungu kwamba amechanganyikiwa, aendelee tu, akaondoka kwa haraka.

*

Ilikuwa siku ya maji mtaani. Koki ya uani ilikuwa inatiririsha kwenye pipa, na Nathan alikuwa mezani anakula ugali wa uwele, akiwa na karatasi za kikao cha saa tisa pembeni ya sahani. Denis alikuwa amesimama mlango wa uani, akingoja habari. Paulina hakukaa. Aliiweka kuponi juu ya karatasi za kikao.

Alisema yote mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma matangazo ya Jumapili: sindano, kiroba, redio, bei ya maabara, foleni ya mateja iliyomwamkia, na sharti la nesi kuhusu sindano na wembe. Kisha alipandisha kanga na kumwonyesha mumewe mkono. Nathan alizitazama zile alama kumi na nne na tonge likiwa bado limeshikwa hewani. Mke aliyeishi naye miaka thelathini na mbili alikuwa amekaa kwenye benchi la mateja huku yeye akipanga ratiba ya mavuno ya kanisa. Aliona aibu, na kwa kuwa hakuwa amezoea kuiona akiwa nyumbani kwake, alifanya alichozoea.

"Mwambie huyo kijana wako..." alianza.

"Mwambie mwenyewe," alisema Paulina.

Tonge lilirudi kwenye sahani. Nathan aligeukia upande wa mlango, kisha akarudi kwenye karatasi zake. Pipa lilijaa, maji yakaanza kumwagika uani, na hakuna aliyekwenda.

Denis ndiye aliyesema. Alisema atakwenda sasa hivi. Lakini kama yule nesi amesema habari ya wembe, basi baba naye lazima aende.

"Kwa nini?" aliuliza Nathan, na alikuwa amemuuliza mkewe.

"Kwa sababu wembe wake ndio ninaonyolea," Denis alimwambia mama yake. "Kila Jumamosi, akishatoka."

Nathan alipeleka mkono kidevuni. Miaka miwili alikuwa hamsemeshi mtoto huyu, na kumbe kila wiki walikuwa wakikutana kwenye shavu. Alisimama, akakusanya karatasi zake, akasema ana kikao, akatoka kwa mlango wa mbele. Paulina alimtazama mpaka alipopinda kona. Alimshika Denis mkono na wakaenda, na kwa haraka hiyo koki ikabaki wazi.

*

Abubakari hakumuuliza Denis bei ya kete. Alimtazama mara moja akavuta dodoso.

"Aliyekupa kuponi ni nani wako? Rafiki, muuzaji, mnayetumia naye, ndugu, au humjui?"

Denis alifikiri. Kuponi ilitoka kwa Geofrey ikalala mfukoni wiki tatu. "Mama yangu," alisema. Abubakari akaweka alama kwenye ndugu.

Ilichukua dakika ishirini. Paulina alikaa kwenye benchi, vijana wamembana huku na huku, na yule aliyecheka barabarani alimletea karanga kwa ajili ya kuomba radhi. Mlango ulipofunguliwa hakuhitaji kuambiwa, kwa sababu Denis alikuja moja kwa moja akachuchumaa mbele yake jinsi alivyokuwa akifanya akiwa mdogo na amevunja kitu.

Ukimwi hana, wala homa ya ini aina ya B, alisema Violeth. Ya C anayo. Kuna kipimo kingine cha kujua kama kirusi bado kiko hai, na kikiwa hai kuna vidonge vya wiki kumi na mbili vinavyokimaliza. Alisema wazi kwamba vidonge havipatikani kila mahali na watazunguka, ila barua ya rufaa ataandika leo, na ya kliniki ya methadoni ataandika pia. Kisha akasema, "Mama, sasa njoo wewe."

Alimtoboa kidole kile kile. Paulina ndiye aliyekinyoosha.

Walikuwa bado wanangoja pale geti la bluu lilipogongwa, ingawa lilikuwa wazi. Mzee Nathan aliingia amevaa koti na tai ya kikao. Foleni ilisimama, ikaamkia, ikakaa. Kila mmoja pale alimjua ni nani. Kila mmoja pale alikuwa amewahi kumwona Denis wa Busi akiwa amelala chini ya gari bovu.

"Shikamoo mzee," alisema Abubakari. "Unayo kuponi?"

"Sina. Nimekuja kupimwa. Mimi ni wa nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Nathan aliangalia lile benchi, akamwona mkewe amekunja kidole kwenye pamba, akamwona na aliyeketi sakafuni karibu na miguu yake. Alilegeza tai.

"Kwa Denis," alisema.

Abubakari, ambaye alipaswa kujaza fomu na hakuwa mtu wa kumwonea mzee, aliuliza ni Denis yupi, maana leo wamepita wawili.

"Huyo," alisema Nathan, akanyoosha kidole. "Huyo pale chini. Ni mwanangu."

Hakuna aliyekohoa.

Paulina hakuwa na kirusi. Violeth alimwambia mara mbili, na mara ya pili Paulina alimkasirikia, kwa sababu alikuwa amejiandaa miezi mitano na sasa hakujua auweke wapi ule woga wote. Nathan naye hakuwa nacho, jambo alilolipokea kwa kutingisha kichwa kama aliyesomewa muhtasari wa kikao kilichopita. Aliuliza kitu kimoja tu, kwamba hivyo vidonge vya wiki kumi na mbili, je, mgonjwa anaweza kuvinywa akiwa anaishi na wazazi wake. Violeth alisema ndivyo inavyotakiwa.

*

Walirudi wakiwa watatu, Denis katikati ameshika bahasha mbili na zile kuponi tatu alizopewa. Moja alikwisha ahidi kumrudishia Geofrey, ampe mwenzao mwingine wa nyuma ya gereji. Karibu na nyumbani walikutana na Flaviana, mweka hazina wa umoja wa akina mama, akiwa na ndoo kichwani. Alimwona Paulina, akamwona Denis, akamwona Nathan, na kwa malezi mema ya miaka miwili akachagua maneno yake.

"Za leo, Mzee Nathan. Na Denis huko Busi hajambo?"

Nathan alisimama. Jibu lilikuwa tayari kinywani mwake, limelainika kwa kutumiwa, na Paulina aliliona likija. Alingoja huku ameshika kidole chake.

"Busi hajawahi kufika," alisema Nathan. "Huyu hapa. Anaumwa ini. Muulize mwenyewe."

Flaviana aliishusha ndoo chini, maana hili halikuwa jambo la kusemwa na ndoo kichwani. Alimgeukia Denis, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amempita kila siku na kumwona kwa pembe ya jicho tu, akamuuliza kama hajambo. Denis alimwamkia, akasema hajambo sana.

Maji yalikuwa yamekwisha toka uani na kufika barabarani, yanatiririka kuelekea kwao kwenye vumbi. Nathan aliyatazama. Alimtazama mkewe, kwa mazoea, akakuta mkewe anatazama pembeni.

"Denis," alisema, "tangulia ukafunge koki."